Kaunti iunde bodi ya wananchi kusimamia haki ya kusoma kumbukumbu za umma

Mhariri,

Nimetoka sasa hivi kwenye ofisi za kaunti yetu na naandika kabla hasira hazijanitoka. Nilikwenda kuomba kusoma karatasi za umma. Nimerudi mikono mitupu kama ninavyorudi tangu masika, na safari hii nimefukuzwa mbele za watu.

Shida yetu ni hii. Wazee wa kijiji chetu walitoa ardhi ya kujenga zahanati tangu enzi za lile baraza la zamani, kabla ya ugatuzi. Zahanati ikajengwa upande mmoja, upande wa pili ukaachwa kwa ajili ya wodi ya kujifungulia. Mwaka huu tumeamka tukakuta upande ule umezungushiwa seng'enge, na mlinzi anatuambia kiwanja kina mwenyewe na ana barua ya kugawiwa. Sisi tunataka kuiona barua hiyo. Tunataka pia kusoma kumbukumbu za kikao ambacho baraza lilikubali kiwanja kizima kuwa cha zahanati. Hatuombi pesa wala kazi. Tunaomba kusoma.

Karani wa masijala hakuniuliza faili ya mwaka gani. Aliniuliza, "Mzee, unaitakia nini?" Nikamwambia ni haki yangu. Akamtazama mwenzake wakacheka, kisha akanielekeza chumba cha pili. Huko nikaambiwa faili iko kwa mkubwa. Kwa mkubwa nikaambiwa haijawahi kufika, nirudi masijala. Masijala walikuwa wamekwenda kula.

Waliporudi nikawaonyesha nakala ya barua niliyoipeleka zamani, ina muhuri wao wa kupokelewa. Afisa mmoja akasoma mistari miwili akanirudishia. "Mwalimu, hii umeandika kwa Kiswahili. Kaandike kwa Kiingereza, na useme sababu." Nilipomuuliza jina lake akaniambia nisimletee siasa ofisini, akamwita bawabu anitoe. Nimefundisha watoto wa kaunti hii maisha yangu yote ya kazi, na leo nimeshikwa mkono kupelekwa langoni kwa kosa la kuuliza jina la mtumishi wa umma.

Langoni ndipo niliumia zaidi. Kijana mmoja, broka anayejulikana na kila anayefika pale, alinifuata hadi kituo cha matatu. "Mzee, ni ile faili ya zahanati? Nitolee kitu kidogo, jioni utakuwa na kopi." Akanitajia mpaka rangi ya jalada lake. Kumbe faili ipo! Mwananchi akiiomba kwa barua imepotea, broka akiitaka inapatikana. Sikumpa hata senti, na sitampa.

Afisa yule aliivunja sheria mara mbili kwa maneno yale machache. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inasema ombi litaandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na kwamba sababu za mwombaji, ziwe zipi, haziathiri haki yake. Asiyejua kuandika, afisa anapaswa kumsaidia. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Anacholipia mtu ni gharama ya kutoa nakala. Jibu litoke ndani ya siku 21, na habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Sheria hiyohiyo ilizipa taasisi za umma miaka mitatu ziwe zimeingiza kumbukumbu zao kwenye kompyuta. Kwetu nimeona kwa macho yangu mafaili yamerundikwa sakafuni na mengine yameliwa na mchwa.

Mambo haya yana mzizi wake. Kaunti 47 zilipoanza kazi mwaka 2013, zilichukua nafasi ya mabaraza 175 ya miji na wilaya. Mabaraza yale ndiyo yaliyokuwa na vitabu vya vikao, ramani za masoko, orodha za viwanja, makaburi na viwanja vya michezo. Hapa kwetu mafaili yalibebwa kwa lori, na hakuna mwananchi aliyeonyeshwa orodha ya yaliyopakiwa wala ya yaliyoshushwa. Anayetaka kunyakua ardhi ya umma hahitaji bunduki. Anahitaji tu ukurasa mmoja upotee.

Najua nitaambiwa nipeleke malalamiko kwa tume ya kitaifa, ile tunayoiita Ombudsman. Nitapeleka. Lakini tume hiyo ni moja kwa nchi nzima, na mvuvi au mama muuza mboga aliyekataliwa karatasi hawezi kuanza kuifuatilia huku amewaacha watoto na njaa. Tunahitaji watu wa kutusikiliza hapahapa.

Kwa hiyo naomba kaunti yetu iunde bodi ya ushauri kuhusu kumbukumbu za umma. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 tayari inataka kila kaunti iwe na ofisi ya kushughulikia haki ya kupata habari. Bodi iwe jicho la wananchi juu ya ofisi hiyo. Wawemo karani mstaafu anayejua faili inavyotunzwa, mkutubi, wakili, mwandishi wa habari, mzee wa mtaa, kijana, na mtu mwenye ulemavu, na nusu yao wawe wanawake. Wasiteuliwe na gavana peke yake, na asiwemo mgombea aliyeangushwa akitafutiwa mlo.

Ikutane kila mwezi hadharani. Ibandike ukutani orodha ya maombi yote: lipi limejibiwa, lipi limekataliwa, nani amekataa na kwa sababu gani. Iingie masijala ihesabu mafaili yaliyorithiwa kutoka kwa mabaraza. Aliyekataliwa aje mbele yake bila wakili, aeleze kwa lugha yake.

Wako watakaosema bodi ya ushauri haina meno. Mimi nasema afisa aliyenifukuza asingethubutu kama angejua kwamba mwezi ujao jina lake litasomwa kwenye mkutano mbele ya majirani zake. Kinachompa jeuri ni kwamba hakuna anayeandika.

Na hawa madiwani wetu wako wapi? Kila mwaka tunaitwa tutoe maoni kuhusu bajeti. Kitabu cha bajeti tunaletewa asubuhi ileile ya mkutano, kinene, kwa Kiingereza kitupu, nakala chache zinazoishia viti vya mbele. Tunapewa maji ya chupa, tunatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, kisha sahihi zetu zinakuwa ushahidi kwamba umma ulishirikishwa. Ni haki gani hiyo? Pesa za kusafiri nje kujifunza zinapatikana kila mara, za kununulia rafu za mafaili hazipatikani. Wanasiasa wetu wanajua njia ya kila nyumba wakati wa kampeni. Baada ya hapo hata orodha ya watoto waliopata basari inakuwa siri, na mzazi aliyenyimwa hawezi kujua kama aliyepewa ana shida kuliko yeye au ni mpwa wa mtu.

Namtaka diwani wetu, na wenzake wote, walete hoja ya kuunda bodi hii katika bunge la kaunti, na iwe imeanza kazi kabla ya uchaguzi wa 2027. Akishindwa kutusaidia kuisoma faili ya zahanati yetu, asije kutuomba kura. Na ofisi iliyonifukuza leo ijue kwamba barua yangu ya Kiswahili bado inasubiri jibu, siku 21 zilikwisha zamani, na kesho kutwa nitafika tena na wenzangu wa kijijini.

Mwalimu mstaafu,
Pwani