Mgongo wa Mtumishi na Pikipiki ya Kazi

Ndugu zetu wanachama na makarani,

Liko jambo moja ambalo watumishi wa mkoa wetu wa Singida wamelinyamazia siku nyingi kwa kuona haya, nasi twaona haifai kulinyamazia tena. Jambo lenyewe ni maumivu ya mgongo na ya kifandugu, yaani ule mfupa mdogo ulio mwisho kabisa wa uti wa mgongo, yanayowapata watumishi wafanyao kazi juu ya pikipiki. Mtu husema kwa urahisi kwamba ameumwa kichwa au ameshikwa na homa. Lakini ni wachache wawezao kusimama mbele ya mkuu wao na kusema kwamba hawawezi kukaa kitini kwa sababu ya maumivu ya mahali pale. Basi hunyamaza, humeza vidonge, na kesho yake hupanda tena.

Kwanza na tutoe shukrani inapostahili. Zamani bwana shamba aliziendea safari zake kwa miguu au kwa baisikeli. Mwaka 2018 waratibu elimu kata walipewa pikipiki, na mwaka 2022 Serikali iliwagawia maafisa ugani pikipiki kwa maelfu nchini kote. Kwa vyombo hivyo mkulima wa alizeti aliye mbali na mji aweza kutembelewa mara nyingi kuliko zamani. Wala hatuandiki maneno haya ili pikipiki zirudishwe. Twaandika kwa sababu chombo kilichotolewa kumsaidia mtumishi hakifai kumwondolea afya aliyokuja nayo kazini.

Itazameni nchi yetu. Mkoa huu una kilometa za mraba zaidi ya 49,000. Barabara kuu ya lami yapita Manyoni, Ikungi, Singida mjini, kisha Iramba hata kuuteremka mlima wa Sekenke. Lakini kazi ya mtumishi wa kata aghalabu haiko juu ya lami. Iko ndani, katika vijiji vya Mkalama, na vya Itigi, na vya Singida vijijini, ambako njia ni ya changarawe, au mchanga, au mawe matupu. Wakati wa kiangazi changarawe hujipanga vijituta vidogo vidogo kama bati. Wakati wa mvua maji huchimba makorongo. Mtumishi apitaye huko asubuhi na kurudi jioni hupigwa na mishtuko isiyohesabika, na kila mshtuko huishia mahali pamoja, chini ya mgongo.

Matabibu wametufunza kwamba mtu aketiye wima hubebwa na mifupa miwili ya makalio, na kifandugu hubaki bila mzigo mkubwa. Lakini mtu akilegeza kiuno na kuketi kwa kujitupa nyuma, uzito wa mwili hukiangukia kifandugu. Tena wametufunza kwamba mwili wa mtu aliyeketi hutikisika zaidi kuliko kawaida mtetemo ukiwa wa mara 4 hadi 6 hivi kwa sekunde, na njia mbovu yaweza kuleta mtetemo wa namna hiyo. Misuli ya kiuno huchoka kwa kushindana nao, na zile gegedu laini zilizo kati ya pingili za mgongo hubanwa na kuachiwa, zikabanwa tena. Haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo mtumishi ambaye hakuanguka hata siku moja aonavyo, baada ya miaka, kwamba hawezi kuinuka kitini ila kwa kushika meza.

Wako wasemao, "Mbona vijana wa bodaboda hupanda mchana kutwa wala hawalalamiki?" Twajibu kwamba hulalamika, ila hakuna awasikiaye. Uchunguzi uliofanywa kwa waendesha pikipiki za abiria katika nchi kadhaa za Afrika umeonyesha kuwa maumivu ya kiuno ni ya kawaida sana kwao. Kuumia kwa wengi si hoja ya kwamba hakuna aumiaye.

Sasa na tuseme yaliyo katika uwezo wetu wenyewe, maana si haki kuidai Serikali lile ambalo mtu aweza kujitendea. Kaa katikati ya kiti, usikae ukingoni mwa nyuma karibu na karia. Uuinamishe mwili mbele kidogo kutoka nyongani, mgongo usipinde. Ukiliona shimo, punguza mwendo, ukanyage imara pa kuwekea miguu na kujiinua kidogo, ili magoti yaupokee mshtuko badala ya mgongo. Safari ikiwa ndefu, simama kila baada ya nusu saa au saa moja, ushuke, utembee hatua chache. Mzigo mzito ufungwe juu ya karia, usibebwe mgongoni. Na ukifika, usikimbilie kuinua gunia; uache kwanza mgongo utulie.

Aliyekwisha kuumia asikate tamaa, maana maumivu mengi ya kifandugu hupungua kwa majuma au miezi bila kupasuliwa. Mto uliokatwa nafasi kwa nyuma, ili kifandugu kisiguse kitu, husaidia sana kitini. Fundi wa magodoro aweza kuukata kwa bei ndogo. Kukanda kwa maji ya moto hutuliza. Ama vidonge vya maumivu, havifai kumezwa mwezi baada ya mwezi pasipo shauri la tabibu, maana baadhi yake hudhuru tumbo na figo. Wako wenzetu wanaodhani kwamba kila maumivu ya kiuno ni ugonjwa wa figo, wakanunua dawa njiani, kumbe pengine wanaziharibu figo zilizokuwa nzima.

Lakini ziko dalili ambazo mtu asizingojee hata siku moja: ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, kushindwa kuuzuia mkojo au choo, au miguu kuishiwa nguvu. Mwenye hayo aende hospitali saa ile ile. Tena maumivu ya mgongo yanayokuja pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda yapimwe upesi, maana kifua kikuu huweza kuingia hata katika mifupa ya mgongo. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Hapa twawageukia ninyi makarani. Msidhani kwamba habari hii haiwahusu kwa kuwa kazi yenu ni ya mezani. Kiti kibovu chaweza kukitonesha kifandugu kama njia mbovu. Lakini liko kubwa zaidi. Pikipiki hubebwa na springi za nyuma, ambazo mafundi huziita shokapu. Ndani yake mna mafuta yanayozuia springi isirukeruke. Ukiona mafuta yamevuja juu ya chuma chake, ujue kinga imekwisha, na kazi ya springi sasa yafanywa na uti wa mgongo wa mwenzako. Hati ya kuomba shokapu mpya hupita mikononi mwenu.

Mmoja wetu, katika afisi ambayo hatutaitaja, aliomba shokapu mbili. Hati yake ikalala mezani miezi minne. Kila alipouliza alijibiwa kwamba fedha za mafuta zipo, ila za matengenezo hazipo. Basi akatiliwa mafuta, akaenda. Mwezi wa tano alishindwa kuinuka kitandani, akakaa nyumbani siku tisa, na kata yake ikakosa mtumishi wakati wakulima wanapanda. Twauliza: palipookolewa nini? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Karani aliyeandika kwamba fedha hazipo hakuwa mtu mbaya. Hakujua tu kwamba hati ile ilikuwa habari ya mgongo wa mtu. Sasa twajua sote.

Wako pia dada zetu, ambao wana haki ya kusemewa kwa namna ya pekee. Matabibu husema kwamba maumivu ya kifandugu huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume, yapata mara tano, na kuzaa ni moja ya sababu zake. Mtumishi mwanamke humaliza likizo yake ya uzazi ya siku 84, na siku inayofuata hutakiwa apande pikipiki ile ile, kwa njia ile ile. Akisema, huonekana mvivu, asiposema, huumia. Twaona ni wajibu wa mkuu wa kazi kumwuliza kwa heshima, na kumpa kazi za karibu mpaka tabibu aseme kwamba yu tayari.

Ama kuhusu Serikali na halmashauri, hatuombi hisani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri azilinde afya za watu wake kazini. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyouanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nao huwahudumia watumishi wa Serikali na wa mashirika ya watu binafsi pia. Lakini mfuko hauwezi kulijua jeraha ambalo mwenyewe amelificha. Aangukaye na pikipiki akiwa kazini, hata akiinuka na kucheka, atoe taarifa kwa maandishi siku hiyo hiyo na kupimwa. Karatasi ile ndiyo shahidi wake mwaka ujao, mgongo utakapoanza kudai.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu kwa mkutano wetu. La kwanza, kila kituo kiwe na daftari la pikipiki, ambamo tairi, springi na kiti vitakaguliwa kila mwezi na mwenye chombo na karani pamoja, wote wakitia sahihi. La pili, fedha za matengenezo zitengwe kando na za mafuta, zisimezwe nazo. La tatu, apewaye pikipiki afundishwe kuiendesha katika njia za vijijini kabla ya kukabidhiwa ufunguo.

Mwaka 1922, watumishi Waafrika wa Tanganyika walipoanzisha chama chao mjini Tanga, Martin Kayamba akiwa mbele yao, waliona kwamba neno la mtu mmoja hupotea, bali neno la wengi huandikwa. Nasi twafuata njia hiyo. Mtumishi mmoja akisema mgongo wamuuma, ataambiwa apumzike. Tukisema wote kwa adabu, na daftari mkononi, itakuwa vigumu kutujibu kwamba fedha hazipo.

Basi, ndugu, na tuanze kwa jambo dogo. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha chombo, inama uitazame springi ya nyuma. Nawe karani, hati ikikufikia, isome mara mbili kabla hujaiweka kando.