Bakteria wa bustanini si adui wa mtoto wako

Wiki iliyopita mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka mitatu, viganja vimepauka. Kipimo kilionyesha upungufu wa damu. Malaria na minyoo hakuwa navyo. Nilipouliza anakula nini, mama akasema mboga za majani ameacha kumpa, huu mwezi wa pili. Jirani yake mwenye bustani alimwambia kwamba siku hizi anamwagia mchicha "dawa ya bakteria" ili ustawi.

"Daktari, nimlishe mtoto bakteria kweli?"

Sikumlaumu. Sisi madaktari tukitaja bakteria, tunazungumzia homa ya matumbo, kipindupindu au maambukizi ya mkojo. Hatuwaambii kwamba wengi wao hawana madhara, na wapo wanaotusaidia kupata chakula.

Ng'oa shina la kunde utazame mizizi. Utaona vinundu vidogo. Humo wanaishi bakteria waitwao rizobia, ambao huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Mtafiti wa Uholanzi, Martinus Beijerinck, aliwatenga maabara mwaka 1888, lakini bibi zetu walishachuma majani ya kunde zamani bila kuwajua.

Mchicha, chainizi na sukuma wiki hazina vinundu hivyo. Hata hivyo, wapo bakteria wengine, kama azospirila na Bacillus subtilis, wanaoishi kandokando ya mizizi. Huisaidia kutanuka na kufyonza maji na virutubisho vizuri zaidi. Baadhi yao huzuia kuvu wanaoozesha mizizi. Huyo Bacillus subtilis Wajapani humtumia kuchachusha soya na kupata natto, chakula wanachokula na watoto wao.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mkulima anayetumia bakteria hawa ili apunguze mbolea za viwandani na dawa za kuua wadudu anatusaidia sote. Hofu yako ielekeze inakostahili: samadi mbichi, maji ya mtaro yaliyochanganyika na majitaka, na mboga iliyopuliziwa dawa jana ikavunwa leo. Kwenye samadi mbichi na majitaka ndiko wanakotoka E. koli, salmonela na mayai ya minyoo.

Lakini pia usidanganywe. Akitokea muuzaji akakwambia mboga zilizokuzwa kwa bakteria zinatibu kisukari au shinikizo la damu, mwache aende. Bakteria hao wanasaidia mmea. Usiache dawa zako.

Unaponunua, muulize mkulima: anamwagilia maji gani? Samadi yake imeoza vizuri? Mara ya mwisho kupulizia dawa ilikuwa lini? Na hao bakteria, wametoka kwenye pakiti iliyosajiliwa, yenye maelekezo na tarehe ya mwisho wa matumizi, au kwenye chupa isiyo na jina?

Ukifika nyumbani, osha mboga kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kukata, kisha ipike iive. Moto hauchagui bakteria mwema wala mbaya. Usimwage maji uliyochemshia, maana virutubisho vingine vimo humo. Mpe mtoto chungwa au kamulia ndimu, madini ya chuma yafyonzwe vizuri. Chai isiambatane na mlo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka miwili hadi mitano apate angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku. Mtoto wangu yule alikuwa hapati hata kijiko cha mboga.

Nimempa dawa ya kuongeza damu na mwezi ujao tutapima tena. Mboga peke yake isingemponya, lakini bila chakula bora dawa ikiisha tutarudi palepale. Mama nimemwomba arudi kwa jirani na maswali yake. Akiridhika na majibu, anunue mchicha.