Deni au Akiba: Swali la Msimu wa Tumbaku

Kila masoko ya tumbaku yanapofunguliwa huko Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, swali lile lile hurudi katika familia zetu, na mara nyingi hutufikia sisi wachungaji nje ya kanisa baada ya Misa: fedha iliyopatikana yote ilipe madeni, au sehemu yake iwekwe akiba?

Juu ya deni la kwanza mkulima hana hiari. Mbolea, mbegu na viuatilifu alivyokopa kupitia chama chake cha msingi cha ushirika hukatwa kabla fedha haijamfikia mkononi. Deni hilo, tena, kwa kawaida ni la pamoja. Anayetorosha tumbaku na kuiuza kwa njia za panya halifuti deni lake, bali analihamishia kwa wenzake waliopeleka marobota yao yote sokoni kwa uaminifu. Tumesikia baadhi yao wakiliita jambo hili ujanja. Sisi tunaliita dhuluma kwa jirani, na Amri ya Saba inaligusa waziwazi.

Ugumu unaanza na kile kinachobaki baada ya makato. Hapo wanasubiri mwenye duka, ndugu aliyeazima fedha za matibabu, na yule mkopeshaji ambaye watu wamempa jina lake halisi: kausha damu. Tuchukue mfano wa mama aliyekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, akawa analipa riba peke yake. Baada ya miezi 5 ametoa shilingi 100,000, na bado anadaiwa 100,000 zile zile. Hakuna akaunti ya benki wala kikundi cha VICOBA kitakachomzalishia faida ya kuukimbiza mkopo huo. Kuweka akiba kubwa huku deni la namna hiyo likiendelea ni kutia fedha katika ule mfuko uliotoboka anaousema nabii Hagai.

Hata hivyo, hatumshauri mtu alipe hadi senti ya mwisho. Mvua zetu huanza Novemba na kuishia Aprili, na katika miezi hiyo mkulima hana cha kuuza. Januari shule zinafunguliwa, sare na madaftari vinahitajika, na malaria haisubiri soko. Aliyelipa kila kitu mwezi Julai akabaki na nyumba tupu, Januari atapiga hodi kwa mkopeshaji yule yule. Tumeshuhudia familia zikifanya hivyo mwaka baada ya mwaka, kwa nia njema kabisa.

Mzunguko huu si mgeni katika nchi ya Unyanyembe. Katika karne ya 19, misafara iliyopita hapa kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilibeba nguo na shanga zilizokopwa Zanzibar. Tippu Tip mwenyewe alikopeshwa na tajiri Taria Topan, na pembe za ndovu ndizo zilizotarajiwa kulipa. Wafanyabiashara walioshindwa kulipa walikaa miaka mingi bara, wakiogopa kurudi pwani kuwakabili wadai wao. Na uzito wa biashara ile, wengi wanasahau, uliishia mabegani mwa wapagazi na shingoni mwa watumwa.

Kwa hiyo tunapendekeza utaratibu huu. Chakula cha kufikia mavuno yajayo kisiuzwe, hata bei ya mahindi ikipanda namna gani. Itengwe akiba ndogo ya ugonjwa mmoja na mahitaji ya shule. Kisha deni lenye riba kali limalizwe lote, hata kabla ya lile la ndugu mwenye subira, ila ndugu huyo aelezwe ukweli uso kwa uso. Akiba kubwa itafuata baadaye. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, Elisha anamwelekeza mjane auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Nabii alifikiria pia siku ya baada ya kulipa.

Tukiri pia kwamba michango tunayoitangaza altareni, pamoja na ile ya harusi na vipaimara, huwasukuma wengine kukopa. Mwamini mwenye deni la kausha damu asione haya kusema kwamba mwaka huu atatoa kidogo.

Mwaka 1462, huko Perugia, Wafransisko walisaidia kuanzisha mfuko wa kuwakopesha maskini ili wasinyonywe na walanguzi. Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zinaweza kufanya la kufanana na hilo: kila familia iweke kidogo wakati wa soko, na fedha hiyo ikopeshwe kwa riba nafuu mwezi Januari, pale mama yule anapotafuta sare ya mtoto na mkopeshaji anamtaka aache kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri.