Wa Pili Naye Aliipita Rekodi

Ijumaa ya tarehe 21 Februari 2020 nilikuwa Ruiru, nimekwenda kumtazama binti yangu aliyeolewa huko. Baada ya swala, tulipokuwa tukivaa viatu nje ya msikiti, kijana mmoja alitazama simu yake akatangaza: "Kosgei amepigwa Ras al Khaimah." Mzee mmoja akatikisa kichwa akasema, "Basi, amekwisha huyo." Papo hapo mazungumzo yakahamia kwenye bei ya saruji.

Neno lile "amekwisha" lilinikaa rohoni. Nalileta leo mbele yenu, wasomaji wangu, kwa kuwa naona tungali tunalitumia, na wanaolisikia ni watoto wetu.

Kwetu sisi watu wa pwani, Ras al Khaimah si jina geni. Ndiko Julfar ya zamani, kwao nahodha Ahmad bin Majid, na majahazi ya Ghuba yalikuwa yakitushukia na upepo wa kaskazi. Mwezi wa Februari, wakati sisi tunatoka jasho, kule ni majira ya baridi. Asubuhi hewa ni nzuri na njia ni tambarare kando ya bahari. Kwa sababu hiyo wakimbiaji wakubwa huenda huko kutafuta rekodi ya nusu marathoni, ambayo ni mwendo wa kilomita 21 na kidogo.

Brigid Kosgei alikwenda huko akiwa na jina kubwa. Tarehe 13 Oktoba 2019, mjini Chicago, alikimbia marathoni nzima kwa saa 2, dakika 14 na sekunde 4. Rekodi ya Mwingereza Paula Radcliffe, ya 2:15:25, ilikuwa imekaa tangu mwaka 2003 bila mtu kuigusa. Mama huyu wa watoto pacha akaipunguza kwa sekunde 81. Basi alipofika Ras al Khaimah, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 26, watu walimngojea avunje na ya nusu marathoni.

Ilivunjwa kweli, lakini na mwingine. Ababel Yeshaneh wa Ethiopia alimaliza kwa 1:04:31. Kosgei akaja wa pili kwa 1:04:49, sekunde 18 nyuma.

Sasa msomaji, shika kalamu tufanye hesabu. Rekodi iliyokuwapo asubuhi ile ilikuwa 1:04:51, ya Mkenya mwenzake Joyciline Jepkosgei, aliyoiweka Valencia mwaka 2017. Maana yake ni kwamba Kosgei naye aliipita rekodi ya dunia, kwa sekunde 2. Lau muda ule ule angeukimbia siku ambayo Yeshaneh hayupo, angetoka na rekodi zote mbili, na pale msikitini tungemsifu mpaka alasiri. Miguu ni ile ile na saa ni ile ile. Kilichozidi ni mwanamke mwingine barabarani.

Hapana shaka atatokea wa kuniuliza: bila ya Yeshaneh, je, angekimbia kasi hiyo? Pengine asingekimbia. Na huyo Yeshaneh, bila ya Kosgei kumkabili, je? Rekodi haiwekwi na mtu peke yake. Humo mna njia, mna hewa, mna mshindani anayekuvuta, na siku hizi mna kiatu. Mwishoni mwa Januari 2020, wiki chache tu kabla ya mbio hizo, wakuu wa riadha duniani walilazimika kutoa amri kuwa soli isizidi milimita 40, kwa jinsi viatu vipya vilivyokuwa vikileta maneno.

Je, alikwisha? Oktoba mwaka ule ule alishinda marathoni ya London. Mwaka 2021 akapata medali ya fedha ya Olimpiki ya Tokyo, nyuma ya Peres Jepchirchir. Machi 2022 akashinda Tokyo kwa 2:16:02. Rekodi yake ya Chicago ilidumu hadi Septemba 2023, Tigist Assefa wa Ethiopia alipokimbia 2:11:53 Berlin. Ile ya nusu marathoni iliyompita siku ile wengine waliishusha upesi, na Oktoba 2021 Letesenbet Gidey akaifikisha 1:02:52. Hivyo rekodi inaweza kukukosa, na wewe ukabaki mkimbiaji mkubwa.

Watu wa Ruiru hawakuhitaji kwenda mbali kupata mfano. Mji wao una chuo cha askari wa Magereza, na Catherine Ndereba alikuwa askari wa Magereza. Oktoba 2001 aliweka rekodi ya dunia Chicago, 2:18:47. Mwaka mmoja baadaye, katika mji ule ule, Radcliffe aliivunja, na Ndereba akaja wa pili. Mwaka 2003 Ndereba akawa bingwa wa dunia mjini Paris, na mwaka 2007 akarudia huko Osaka.

Kesho yake alfajiri nilitembea kando ya mashamba ya kahawa, nikakutana na msichana anakimbia peke yake. Alipopumzika nilimuuliza anatafuta nini. "Kazi, Mzee," akanijibu. "Nikionwa, naweza kuandikwa jeshini au Magereza. Lakini anayeonwa ni wa kwanza tu."

Maneno hayo yananitia hofu zaidi leo kuliko siku ile. Oktoba 2024 Ruth Chepngetich alikuwa mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 10, kwa 2:09:56. Oktoba 2025 alifungiwa miaka 3 kwa dawa iliyokatazwa, iliyoonekana katika kipimo cha Machi 2025. Rekodi imebaki, kwa kuwa ilitangulia kipimo hicho. Kosa la mtu ni lake, nami simtolei udhuru. Ila tujiulize: kijana tuliyemfundisha kuwa wa pili ni bure, siku akijiwa na mtu mwenye kidonge, atakataa kwa hoja gani?

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii huwa tunamwambia aliyeshindwa ili kumpoza. Nadhani ingefaa zaidi tuambiwe sisi watazamaji, maana Kosgei alikubali na akaendelea. Tuliokataa ni sisi tuliokuwa tukivaa viatu. Mtoto akirudi kutoka mbioni, kabla ya kumuuliza amekuwa wa ngapi, tumuulize amekimbia kwa muda gani, na mara iliyopita ulikuwa muda gani.