«Ordinatere imekataa» si jibu kwa familia iliyokimbia vita

Familia ikikosa jina lake kwenye lisiti ya msaada na kuambiwa kwamba ordinatere imekataa, wakaaji na wakimbizi wa ndani wa Wamaza wana haki ya kuuliza swali moja: ordinatere hiyo inatumia lugha gani?

Upande wa Kasongo na Kabambare kazi za ofisi zinafanywa kwa Kifaransa. Faili ileile inaweza kufunguliwa Nairobi kwenye Excel ya Kiingereza. Hesabu za kawaida hazina shida, maana SOMME inageuka yenyewe kuwa SUM. Shida iko kwenye makro, yaani maagizo yanayofanya kazi nzima kwa kubonyeza mara moja. Makro iliyoambiwa itafute «Feuil1» kwenye faili mpya itasimama mbele ya mashini ya Kiingereza, kwa sababu huko karatasi hiyo inaitwa «Sheet1».

Inayosimama ni afadhali, kosa linaonekana. Ya hatari ni inayoendelea. Mtoto amezaliwa 05/11/2020, tarehe 5 mwezi wa 11. Makro ikifungua lisiti ya CSV bila kuambiwa desturi ya mahali, inasoma Kimarekani: tarehe 11 mwezi wa 5. Mtoto ameongezewa karibu miezi sita, na kama msaada ni wa walio chini ya miaka 5, anaweza kutolewa bila mtu kushtuka. Aliyezaliwa 25/11 anabaki maandishi tu, hana umri, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25.

Watengenezaji wa faili hawana kisingizio. Wakitumia agizo la Formula badala ya FormulaLocal, na kuandika fomula kwa Kiingereza, Excel ya lugha yoyote itaelewa. Karatasi waipe jina wao wenyewe. Siku, mwezi na mwaka waviweke katika safu tatu. Kisha wajaribu kwenye mashini mbili kabla ya kupanda pikipiki. Kurudi Kasongo wakati wa mvua kunachosha zaidi.

Kuweka Kiswahili kwenye ordinatere, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilivyofanya na Jambo OpenOffice mwaka 2004, ni kazi ya kusifiwa, ila makro mbovu itakwama hata huko.

Na lisiti isomwe kwa sauti, pamoja na tarehe za kuzaliwa, kabla ya siku ya kugawa. Mama aliyezaa katikati ya mvua za mwezi wa 11 hatakubali kuambiwa kwamba alizaa mwezi wa 5, mvua zikiisha.