Kimeng'enya si cha Mtihani Pekee

Hapa Githurai 45, jina EPO likitajwa, wengi huwaza mara moja juu ya riadha na aibu. Waama, mwaka 2014 Rita Jeptoo, bingwa wa marathoni za Boston na Chicago, alipatikana na dawa hiyo mwilini, na mwaka 2016 marufuku yake ikaongezwa ikawa miaka 4. Hata hivyo, naona kwamba habari hiyo tuliisoma nusu tu.

EPO ni protini inayouamuru uboho kuunda chembe nyekundu za damu. Nayo hubeba minyororo 4 ya sukari. Minyororo ya EPO ya kiwandani haifanani kabisa na ya ile itokayo katika figo. Tofauti hiyo ndiyo iliyowawezesha wanasayansi wa Ufaransa kubuni kipimo cha mkojo kilichotumiwa katika Olimpiki za Sydney mwaka 2000.

Lakini EPO si ya wadanganyifu pekee. Wagonjwa wengi wa figo wanaosafishwa damu huihitaji. Sukari za ncha za minyororo hiyo zikipungua, ini huiondoa dawa mwilini upesi, na sindano ikawa haimfai mgonjwa.

Ndiyo sababu sukari hizo hukaguliwa. Kimeng'enya kiitwacho PNGase F huikata mitatu kati ya minyororo hiyo ili ipimwe. Zamani, kwa kawaida, kazi hiyo iliachwa usiku kucha. Siku hizi zipo njia za kuikamilisha kwa dakika chache. Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka, lakini hapa baraka ipo: sampuli nyingi hupimwa kwa siku moja na kasoro hugunduliwa mapema.

Linalonikera ni kwamba mwanafunzi wetu hukariri tu kuwa kimeng'enya cha mate huvunja wanga, akaliandika katika mtihani, kisha akasahau. Ilhali Chuo Kikuu cha Kenyatta ki jirani nasi, na Barabara ya Thika yatufikisha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja. Napendekeza maabara za vyuo hivyo ziwapokee walimu wa sayansi na wanafunzi wao angaa siku moja kila muhula.

Taifa linaloagiza dawa bila kuwa na wajuzi wa kuzikagua hutegemea neno la muuzaji. Mkaguzi wa kesho yumo darasani leo. Mwalimu, mweleze kwa nini anafunzwa.