Kabla ya Bahari, Twendeni Ruai

Najua nikimaliza kuandika haya wapo watakaonisuta mpaka langoni. Lakini nimepiga moyo konde. Maoni yangu ni kwamba safari ya chama chetu kwenda Mombasa mwaka huu isiwepo. Badala yake twendeni Ruai tukawatazame ndege.

"Ndege gani, hizo za abiria?" aliniuliza jirani yangu wa dawati nilipomnong'onezea jambo hili. Sasa mnaona? Sisi watoto wa Umoja, Donholm na Embakasi tukisikia neno ndege tunainua macho kutafuta ile inayoteremka uwanja wa Jomo Kenyatta. Kwetu kila ndege ni "hii". Kusema "ndege huyu" ni mambo ya karatasi ya mtihani tu.

Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo hadi Desemba iliyopita. Mjomba wangu anafanya kazi Ukunda, akanitumia nauli nikale likizo kwake. Siku moja aliniamsha alfajiri na mapema, tukapanda matatu hadi Shimoni, kisha mashua hadi kisiwa cha Wasini. Aisee! Kisiwa kizima hakina gari hata moja. Hakuna makanga, hakuna honi. Tulipita juu ya daraja la mbao ambalo akina mama wa huko hulisimamia, chini yake matumbawe ya kale na mikoko, nikasikia Kivumba kikizungumzwa na watoto wadogo, nikajiona mimi na alama zangu za Kiswahili si kitu.

Baadaye tukaelekea upande wa Kisite. Huko ni hifadhi ya bahari tangu miaka ya 1970, na ndani ya mbuga yenyewe hakuna ruhusa ya kuvua. Maji yalikuwa yamekupwa. Nahodha, mzee wa makamo, akazima mashine karibu na fungu la mchanga, akampa mjomba ishara anyamaze. Palikuwa na kundi la ndege weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi kama kisu cha bucha. Walikuwa wakiwakimbiza kaa. Wanamkamata, wanampiga, wanammeza. Nahodha akatueleza kuwa ndege hawa hawazaliwi kwetu. Huzaliwa pwani za Omani, Irani na nchi za huko, tena jike huchimba shimo refu mchangani na kutaga yai lake moja tu humo ndani. Msimu wa kuzaa ukiisha, wanashuka kwetu kula kaa. Nikawaza: kumbe njia ya majahazi tuliyosoma darasani, wengine bado wanaipita bila tanga wala rubani!

Ndipo mzee akanigeukia. "Na kwenu Nairobi, binti, mna ndege gani?"

"Kunguru," nikajibu.

Wote wakacheka. "Na mwingine?"

Nikanyamaza. Miaka kumi na sita ya kuishi Eastlands, na jina moja tu mdomoni. Aibu niliyoipata siku ile ilikuwa kubwa kuliko raha ya kuogelea, na niliogelea sana, nisidanganye.

Niliporudi nikaanza kutazama. Wale korongo wenye upara na mfuko shingoni, wanaosimama juu ya taka za Dandora kama wazee wa baraza. Mwewe aliyenipokonya mandazi mkononi nikiwa Darasa la Sita (namjua vizuri sana huyo). Kwarara wanaopiga kelele asubuhi kabla ya kengele. Chozi kwenye ua la kanisa letu. Mbayuwayu ambao kufikia Oktoba wengi wao wanakuwa wametoka Ulaya, wakaondoka tena karibu na Aprili, na hakuna aliyewakaribisha wala kuwaaga. Na huko Ruai, kwenye mabwawa yanakosafishwa maji machafu mengi ya jiji, kuna bata wa kila aina, yangeyange, hata heroe mara nyingine. Watu wanatoka ng'ambo na darubini za bei ya pikipiki kuja kutazama maji ya vyoo vyetu! Jiji hili limeandikiwa zaidi ya aina 600 za ndege. Sisi tunajua kunguru.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma hasa. Mwaka jana safari ya pwani ilikuwa shilingi 7,500 kwa kila mwanachama. Tuko 41, tukaenda 14. Mwenzetu mmoja, ambaye mamake anakaanga samaki Kariobangi, alikuwa ndiye mghani bora wa mashairi chamani. Hakuenda. Tuliporudi, kwa wiki mbili nzima kila mkutano ulikuwa ni bahari, bahari, madafu na picha. Siku moja hakuja tena, na hakuna aliyemuuliza, pamoja na mimi. Nami nilikuwa miongoni mwa wale 14.

Najua mtasema, "Wewe umeshaona bahari mara mbili, sasa watufungia mlango." Kweli, jibu zuri sina. Hata mimi ningeudhika. Wengine watasema Ruai kunanuka. Kunanuka, ndiyo, lakini hata sasa dirisha letu la nyuma upepo ukigeuka si marashi. Hata hivyo nauli ya matatu ya Barabara ya Kangundo tutaimudu sote 41, na ruhusa ya kuingia mabwawani mwalimu mlezi anaweza kuiombea barua mapema. Tena kazi ya chama itakuwepo: kila mmoja aje na jina la Kiswahili la ndege mmoja alilolitafuta kwenye kamusi au kwa nyanyake, na asiseme "ka-ndege fulani".

Kura itapigwa Ijumaa baada ya masomo. Darubini ninayo moja, ya mjomba, kioo kimoja kina ufa. Yule mghani wetu nimemwambia. Amesema atakuja kusikiliza kwanza, akiwa amesimama mlangoni.